Doa Hii ni ya Nani

Kabla hajaligusa doa lolote, Afande alilihoji. Alivuta kigoda, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti na kukitazama kile kibao cha gari, au ule mlango wake, kama mtu aliyeletwa mbele yake asubuhi akiwa na pingu. Kisha alimgeukia mwenye gari.

"Doa hii ni ya nani?"

Watu walijibu upesi: ni chai, Afande, ni jua, ni mvua iliyopita dirishani. Naye alitikisa kichwa. "Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza ni ya nani." Na asiyekuwa na jibu alirudishwa nyumbani akaulize.

Siku swali hilo liliponifikia mimi, nilikuwa nimebakiwa na siku kumi na mbili, na kibao chenyewe nimekizungushia kanga kama mtoto mchanga. Lakini hilo litakuja. Kwanza mtu mwenyewe.

Alikuwa askari magereza miaka mingi hapa Jinja, na humo ndani ndimo alimopata kazi ya mbao, akiwasimamia wafungwa waliotengeneza viti na makabati. Yeye alisema ndiye aliyewafundisha. Waliotoka walisema wao ndio waliomfundisha yeye, tena kwa shida. Kutoka kwenye makabati akahamia kwenye magari: yale machache makubwa ya zamani yaliyosalia mjini, ambayo ndani yamevalishwa mbao nyembamba zenye vanishi, kwenye deshibodi, milangoni, kuzunguka mkono wa gia. Jua huzila mbao hizo taratibu. Huwa njano kama meno ya mvuta sigara, vanishi ikachanika, maji yakaingia chini yake na kuacha ukungu mweupe. "Jua ni fundi mbaya," Afande alikuwa akisema, "lakini kazini anakuja kila siku."

Nilimjua kwa sababu ya duka. Duka langu lilikuwa barazani kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye nilihamia kwake nilipomaliza shule, Senior Four, nikasema nakaa wiki mbili. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka thelathini na moja, na zile wiki mbili zilikuwa bado zinaendelea. Kutoka kitandani hadi kazini kwangu zilikuwa hatua kumi na moja. Siku za mvua nilizibana zikawa tisa.

Afande alikuja kununua spiriti, pamba, sukari nyingi kuliko inavyomfaa mtu anayeishi peke yake, na kila baada ya wiki mbili kopo moja la rangi nyeusi ya viatu. Viatu vyake vilikuwa vya kahawia.

Mtaa mzima ulijua rangi ile inakwenda wapi, ila hakuna aliyethubutu kusema. Nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko za kijana yeyote, zinang'aa, na jua likipanda, mchirizi mwembamba ulianza safari kutoka kwenye sikio kuelekea kwenye kola. Mtu huyu huyu ndiye aliyekataa kabisa kuupaka ubao rangi. Ukimletea gari lenye kibao kimoja kilichopauka ukamwambia akipige rangi kifanane na wenzake, alikasirika. "Mzee hafanywi kijana kwa brashi," alisema. "Hao wengine ndio watapunguzwa kidogo, na yeye ataongezwa kidogo. Kila mtu atoe, wakutane katikati." Alisema maneno hayo huku kola yake ikiwa nyeusi. Mimi nilitazama dari la duka.

Kuongeza kwake alitumia kahawa. Aliichemsha hadi ikawa nzito, akaisugua kwenye ubao kwa pamba, akaiacha ikauke, akarudia mara nne, mara tano, ndipo vanishi ifuate. Kahawa hiyo ilitoka Mbale, mlimani, nzuri kuliko ile waliyokunywa wakubwa. Yeye hakuinywa hata tone. Alisema kitu kinachobadilisha rangi ya mti namna ile hakiwezi kuwa rafiki wa tumbo.

Alikuwa na ngeli moja tu ya Kiswahili, ile waliyopewa pamoja na sare, na ilimtosha kwa amri, sala na matusi. Asubuhi na jioni aliita hesabu ya vifaa vyake. Patasi. Ipo. Brashi mbili. Zipo. Msasa, kisu, chupa ya gundi. Akimaliza alisimama wima mbele ya sanduku na kutangaza, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikia: "Wote wako ndani."

Ungedhani mtu wa namna hiyo ana kufuli kubwa mlangoni. Hakuwa nayo. Chumba chake hakikufungwa mchana wala usiku, na hata mlango wa gari alilokuwa akilitengeneza aliuacha wazi hadi kuku wakaingia. Nilipomuuliza alijibu, "Nimefunga ya kutosha." Aliibiwa mara mbili. Mara ya pili mwizi alikuwa mfungwa wake wa zamani, ambaye alipotambua lile sanduku alilirudisha, akamwachia na ndizi.

Mimi alinifanyia mzaha kila alipokuja. "Bwana Duka, wewe ni mfungwa mzuri sana. Unajifunga mwenyewe, unajilinda mwenyewe, chakula unajipelekea. Serikali ingepata kama wewe mia, sisi wote tungestaafu." Nilicheka, nikampimia sukari. Nilikuwa na leseni ya udereva ambayo ilikuwa haijawahi kutoka nje ya geti.

Hukumu zake kwa madoa zilikuwa tatu. Doa lisilo na mwenyewe aliliachia huru, yaani alilifuta siku hiyo hiyo. Doa la mtu aliye hai alilihukumu kifungo: lingekaa hadi mwenyewe aje aseme lifutwe. Na hukumu ya tatu aliitamka kwa sauti ya chini: "Hii, maisha." Doa hilo halikuguswa. Kuna mzee mmoja mwalimu aliyeleta gari lenye alama za meno kwenye ukingo wa ubao wa mlango. Ilijulikana kuwa ni za binti yake, alipokuwa anaota meno, na binti sasa ameolewa Nakaloke na ana watoto wake. Afande alisugua mlango mzima ukawa kioo, akayazunguka yale meno kama mtu anavyozunguka kaburi kwa jembe.

Na kuna mfanyabiashara aliyekuja na mkewe, wote wamevaa vizuri, wanaelekea harusini. Kwenye ubao mbele ya kiti cha abiria kulikuwa na alama nyekundu, ndogo, mahali ambapo mtu akijipodoa kwenye kioo angeweza kufutia kidole.

"Doa hii ni ya nani?" Afande aliuliza.

Mwenye gari alikohoa. Mke akamtazama mumewe, akakunja mikono. "Jibu, baba. Hata mimi nataka kujua."

Harusini hawakufika.

Sasa gari letu. Lilikuwa la marehemu Haji, mume wa Mama Mkubwa: la Kijerumani, refu, rangi ya maziwa nje na ngozi ya maziwa ndani, mbao za kahawia iliyoiva. Haji alikuwa mchuuzi wa samaki kule Masese, ziwani, na gari lile alilinunua mwaka ambao ziwa lilimpenda. Siku sita za wiki hakuligusa. Alipanda lori pamoja na samaki wake. Ijumaa aliliendesha hadi msikitini na kurudi, Mama Mkubwa kando yake. Na kwa kuwa aliogopa watu wasije wakasikia harufu ya samaki kwenye safu ya mbele, Ijumaa alijimwagia mafuta ya udi mikononi na shingoni hadi paka wa mtaani wakapiga chafya.

Alipofariki, gari lilibaki kwenye banda. Kila Ijumaa baada ya sala Mama Mkubwa alivaa nguo safi, akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha kushoto. Mimi niliinama mlangoni, nikawasha injini bila kukaa, kisha nilitoka upesi, kwa sababu kiti cha Haji hakikaliwi. Nilisimama mlangoni mwa banda dakika kumi. Yeye alikaa humo, mkono wa kulia ameuweka juu ya kibao cha gia. Nilidhani anajishikilia kwa sababu gari linatetemeka. Miaka yote hiyo ndivyo nilivyodhani, na Senior Four yangu yote.

Kisha binti yake aliyeolewa Mombasa akajifungua, na Mama Mkubwa akaenda kumuuguza uzazi siku arobaini. Nyumba ikawa yangu. Mtu mwingine angefanya sherehe. Mimi nilifanya usafi.

Siku ya ishirini na sita niliingia kwenye gari na kitambaa. Kwenye kibao cha gia kulikuwa na doa jeusi, pana, lenye kunata, vanishi imechanika juu yake. Nikasema moyoni, mama wa watu amevumilia uchafu huu miaka yote. Nilichukua dukani ile dawa ya kung'arisha mashuka meupe, nikaichanganya na maji ya moto, nikasugua kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo lolote la maana. Doa likaondoka. Nilifurahi kwa muda wa kuchemsha chai. Niliporudi, kibao kilikuwa kimekauka na kugeuka cheupe, cheupe cha ugonjwa, kama ngozi iliyoungua, na ukungu umesambaa hadi kwenye pembe zake.

Nililala siku mbili. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa naogopa. Mama Mkubwa si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika huwa anakuamkia kwa adabu kama mgeni, na mimi nilikuwa na nyumba moja tu duniani ya kuwa mwenyeji. Siku ya tatu nilikifungua kibao, skrubu nne, nikakizungushia kanga na kufunga duka. Majirani walipoona duka limefungwa walidhani ni msiba. Wawili walikuja kutoa pole.

Afande wakati huo alikuwa amestaafu na kuhamia Mbale, chini ya mlima Wanale. Safari nzima nilikuwa na uhakika kwamba nimeacha jiko linawaka. Nilimkuta nje ya nyumba yake, mlango wazi, jiwe kubwa la mlima limesimama nyuma yake na maji membamba yakiteremka kwa mbali. Nywele nyeusi kama siku zote. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Nani amekuachia?" akauliza.

"Nimetoroka, Afande."

Nilikifunua kibao. Akavuta kigoda. Akaweka mikono juu ya magoti. Kisha likaja lile swali.

"Hakuna doa, Afande. Nimelifuta."

"Naona. Iliyokuwa hapa, ilikuwa ya nani?"

"Uchafu tu."

Alikigeuza kibao. Kwa chini, upande ambao kitambaa changu hakikufika, mti ulikuwa umelowa kitu cheusi kilichopenya kutoka juu. Akakileta puani, akanusa, akafumba macho. Akanipa mimi.

Ilikuwa harufu ya udi. Dhaifu, ya zamani, lakini udi. Na mbele yangu nikauona mkono wa kushoto wa Haji, Ijumaa baada ya Ijumaa, ukipumzika kando ya gia ukiwa umelowa mafuta, na mkono wa kulia wa mkewe juu yake. Nikakumbuka namna anavyoweka kiganja. Hakuwa anajishikilia.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kigoda cha pili, nikakaa juu ya udongo.

"Atarudi lini?" Afande aliuliza.

"Siku kumi na mbili."

"Kumi na moja. Leo imekwisha."

Alikataa kukitengeneza kule. Alisema mgonjwa haonwi bila ndugu zake. Lazima akione kibao pamoja na mbao nyingine za gari lile, mahali zinapokaa. Kesho yake tukarudi Jinja wote wawili, yeye na sanduku lake na gunia dogo la kahawa, na akalala wiki nzima kwenye banda, mlango wazi, mbu wakimla.

Alifanya kazi kwa utulivu uliokaribia kuniua. Alitoa mbao zote, akaziandika namba kwa penseli mgongoni, akazipanga kwenye mkeka kama familia inayopigwa picha. Aliondoa vanishi ya zamani kwa spiriti na pamba. Kile cheupe alikipa kahawa, kikauke, akakipa tena. Hao wengine aliwapunguza kwa msasa laini. Mimi nilikwenda bandani kila nusu saa kuuliza kama bado, hadi akaniweka nje ya mstari aliouchora kwa chaki sakafuni.

Siku ya tano vibao vilikuwa vimekutana katikati, kama alivyosema. Vizuri kuliko vilivyokuwa kabla sijazaliwa. Na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kibao cha gia kilikuwa kitupu na kinang'aa, kimesahau kila kitu. Nilitoka dukani na chupa ndogo ya mafuta ya udi.

"Afande. Vanishi haijakauka vizuri. Weka mkono na mafuta haya. Kidogo tu. Hatajua."

Aliitazama chupa, akanitazama.

"Mkono ya nani?"

"Wako. Au wangu. Mkono ni mkono."

"Bwana Duka, fikiri. Mama wa watu ataingia humu Ijumaa, ataweka mkono yake hapa. Juu ya mkono yangu mimi. Kila Ijumaa mke ya Haji ananishika mkono na hajui. Hiyo kwa dini yako iko sawa?"

Nilifunga kizibo cha chupa.

"Kwa yangu pia haiko." Akaendelea kupangusa brashi. "Mimi naondoa doa. Kutengeneza doa sijui. Doa inatengenezwa na mwenyewe, polepole. Wewe utamwambia."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Siku ya saba, vanishi imekauka, akaingia kwenye gari kurudisha mbao mahali pake, akakaa kwenye kiti cha dereva akikaza skrubu na kupima kama gia inapita bila kugusa ubao. Alikaa humo alasiri nzima. Joto lilikuwa kali, na kuna wakati aliegemea, nadhani alisinzia. Mimi nilikuwa natazama mbao tu. Jioni akaita hesabu, wote wakawa ndani, akaenda zake Mbale. Chupa ya udi niliirudisha kwenye rafu.

Mama Mkubwa alifika siku ya arobaini na moja, Jumatano, na halua na picha za mtoto. Nilikuwa nimeyatunga maneno. Jumatano nikasema amechoka, apumzike. Alhamisi wageni walikuja kumwona. Alhamisi usiku niliyasahau maneno yote isipokuwa salamu.

Ijumaa baada ya sala akavaa nguo safi. Niliwasha injini, nikatoka, nikasimama mlangoni mwa banda, na nilikuwa bado sijamaliza kupumua aliponiita. Hakuwa anatazama kibao. Alikuwa amegeuka kabisa, anatazama kiti cha kulia. Kwenye ngozi ya rangi ya maziwa, pale kichwa kinapoegemea, palikuwa na duara jeusi, linang'aa, kubwa kama sahani ya kikombe.

"Nani ameweka kichwa kwenye kiti cha Haji?"

Nilimwambia. Yalitoka yote kwa pamoja na bila mpangilio: rangi ya viatu, dawa ya mashuka, Wanale, kahawa, hata ile chupa ya udi niliyotaka kumdanganyia. Injini ilikuwa inanguruma, ikabidi niyaseme mengine mara mbili. Alipofahamu, alishusha macho kwenye kibao. Akaweka kiganja. Akakitelezesha mbele, nyuma, pembeni, kama mtu anayetafuta pete kwenye maji.

"Zima gari," akasema. "Nenda dukani."

Nilikwenda dukani. Niliuza sabuni na kiberiti, nikarudisha chenji isiyo sahihi kwa kila mtu, nao kwa bahati mbaya walikuwa waaminifu wakazidi kunichelewesha. Alasiri ikapita. Nilianza kuhesabu nguo zangu kichwani na kuona zinaenea kwenye begi moja.

Aliponiita tena alikuwa bado amekaa palepale. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Marehemu alikuwa analichukia lile doa," akasema. "Kila Ijumaa: Mama, lete kitambaa, watu wataona mimi ni mchafu. Nami namwambia nitalifuta kesho. Hakujua nalipenda. Sikumwambia." Akapapasa kibao. "Basi leo limefutwa. Ameshinda."

"Nisamehe, Mama."

"Sijamaliza kukasirika. Nitakapomaliza nitakwambia." Akanyoosha kidole kwenye kiti cha Haji. "Kaa."

"Hapo?"

"Umeshamkalisha askari, wewe nini? Kaa, weka kichwa hapo hapo kwenye rangi ya viatu. Na usithubutu kuifuta, nataka uione kila unapoingia. Sasa washa, unipeleke Masese nikaone alipokuwa anapigia kelele samaki wake."

"Mama, mimi sijawahi kutoka nje ya geti."

"Kwa hiyo kafungue geti."

Ilikuwa hukumu, na haikuwa ya siku moja. Ilikuwa ya kila Ijumaa. Siku ile ya kwanza tulikwenda mwendo wa jeneza. Mwenye baiskeli alitupita, akageuka kutazama kama tumepatwa na jambo. Wiki tatu aliniita "ndugu dereva" kwa adabu ile ile niliyoiogopa. Wiki ya nne, njiani kutoka Masese, akaniambia gia naibadilisha kama mtu anayechota uji, nikajua amemaliza kukasirika.

Mara ya mwisho nilimwona Afande miaka minne baada ya hapo. Mama Mkubwa alikuwa na harusi Nakaloke. Nilimfikisha, nikamwacha na wanawake wenzake jikoni, nikarudi Mbale mjini na kukata kona kuelekea Wanale. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote, nyeupe kama pamba aliyokuwa akiinunua kwangu. Macho nayo yalikuwa yameingia ukungu, ule ule uliokuwa ukiingia chini ya vanishi.

"Nani?" akauliza.

"Bwana Duka."

"Uongo. Bwana Duka hatoki nje."

"Nimekuja na gari, Afande. Ninaendesha mwenyewe."

Akainuka, akanishika bega, nikamwongoza hadi kwenye gari. Alikataa kiti cha abiria. Alisema alikuwa hajawahi kukalia upande ule. Akaketi kwenye usukani, mguu mmoja nje, na vidole vyake vikaanza kupita kwenye mbao, deshibodi, mlango, vikirudi, vikisikiliza. Vikafika kwenye kibao cha gia. Vikasimama.

Palikuwa na doa. Nililijua. Si kubwa, kiasi cha kiganja na vidole viwili, pamekwaruzika kidogo na kunata.

"Doa hii ni ya nani?"

"Yangu, Afande."

"Kesi?"

"Woga. Kila nikikaribia lori natoa jasho mkononi. Mama Mkubwa ananiambia nimemchafulia gari, halafu anaweka mkono wake hapo hapo pembeni, ananiambia punguza mwendo, na mwendo wenyewe haupo."

Alilisugua kidogo kwa kidole gumba, akanusa kidole.

"Hii, maisha," akasema.

Nikauchukua mkono wake nikaupeleka nyuma ya kichwa chake, kwenye ngozi, pale palipokuwa pagumu na pa kuteleza kuliko kwingine. Mama Mkubwa hakuwahi kuruhusu kitambaa kipite hapo.

"Na hii, Afande, ni ya nani?"

Alipapasa duara lote, polepole, hadi likafunga. Nilidhani atakataa, au atakasirika. Ukingo wa mdomo wake ukasogea.

"Hiyo ni ya kijana fulani," akasema. "Alikuwa anaogopa kuzeeka. Kesi ndogo. Mwachie."

"Siwezi. Mama Mkubwa amemnyima dhamana."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaegemeza kichwa chake cheupe juu ya lile duara jeusi, mkono wa kushoto akauweka juu ya kibao, akafumba macho. Nilitaka kufunga mlango, upepo wa mlima ulikuwa umeanza kuwa baridi, nikakumbuka, nikauacha wazi.

"Wote wako ndani," akasema.